Termokupo inadanganya ao fomula njo inadanganya? Vipimo vya joto ku tiyo ya kupoza injini ya roketi

#1 FundiKatuba (Lubumbashi)
Jambo bandugu. Niko na swali, wenye kujua mambo ya joto munisaidie. Shiye vijana kidogo tumejenga meza ya kupimia hapa Katuba, tunataka kuelewa vile petroli (mafuta ya taa) inapoza ukuta wa injini ya roketi kabla ya kuingia mu chumba cha kuungulia. Hatuna injini na hatutaki kuwasha kitu, tunapima tu ile sehemu ya kupoza: petroli inapita ndani ya tiyo, ukuta wa tiyo unapata moto, tunaangalia joto linahama namna gani.

Tiyo ni ya inoksi (chuma kisichoshika kutu), ndani milimeta 4, inje 6, urefu unaopata moto nusu meta. Tunapitisha kuran (umeme) ya posti ya kusude, ile mashine ya kuunga vyuma, moja kwa moja mu ukuta wa tiyo, ampere 200, inatoa karibu wati 940. Petroli ni ya taa, ya soko, inapita gramu 100 kwa sekunde, tumepima kwa ndoo na saa. Termokupo (nyuzi mbili za chuma tofauti zinazopima joto) aina ya K, tatu zimesudewa juu ya tiyo, na mbili ziko mu petroli, moja kwenye kuingilia na moja kwenye kutokea.

Fomula ya Dittus na Boelter (0.023 mara Re kwa nguvu ya 0.8 mara Pr kwa nguvu ya 0.4; Re inaeleza mtiririko, Pr inaeleza tabia ya mafuta yenyewe) inatupatia h karibu 7,000. Hiyo h ni wati ngapi zinahama kwa kila meta ya mraba, kwa kila digrii moja ukuta unazidi petroli. Sisi tunapata 5,400. Tunarudia, paka 5,400, siku ingine 5,300, siku ingine 5,500. Pengo ni kama 23%. Nani anadanganya hapa, termokupo zetu ao fomula?

#2 Mwana_Ruashi (Lubumbashi)
Roketi Katuba!!! Majirani wanajua? 😄 Nafwata huu uzi, ninakaa mbele kabisa.

#3 MamaTermo (Goma)
Salama FundiKatuba. Anza na termokupo. Aina ya K ya kawaida mtengenezaji anakuahidi digrii 2.2 juu ao chini, ao 0.75% ya ile inasoma, ile kubwa kati ya hizo mbili. Sasa angalia namba zako. Ukigawanya 940 kwa eneo la ndani la tiyo unapata karibu wati 150,000 kwa meta ya mraba, na kama h ni 7,000 basi ukuta unazidi petroli kwa digrii 21 tu. Unazipata hizo 21 kwa kutoa kipimo kimoja kwa kingine, kila kimoja kiko na shaka ya 2.2, kwa hiyo tofauti yao iko na shaka ya 3.1. Hiyo ni 15% tayari, na hatujaongea kitu kingine.

Kwenye kuingia na kutokea ni mbaya zaidi. Wati 940 kwa gramu 100 za petroli kwa sekunde zinapandisha joto digrii 4.7. Unatafuta 4.7 na vyombo vyenye shaka ya 3.1. Ni sawa na kupima lori pamoja na kuku, halafu lori bila kuku, halafu useme unajua uzito wa kuku. Usitumie ile tofauti kuhesabu nguvu, tumia volti mara ampere.

#4 FundiKatuba
Aksanti mama. Nguvu tunahesabu kwa volti mara ampere, zile za kuingia na kutokea ni za kuangalia tu.

#5 KivuGaz (Goma)
Miye naona munatafuta mbali. Petroli ikipata moto inaacha makaa ndani ya tiyo, ile ngozi nyeusi inazuia joto, h inashuka. Hata NASA wanapambana nayo. Kata tiyo uangalie ndani.

#6 Mkemia_Ibanda (Bukavu)
KivuGaz, jambo lenyewe ni la kweli ila haliwezi kutokea kwa hii tiyo. Makaa ya keroseni ya roketi yanaanza kusumbua ukuta ukikaribia digrii 300 hivi. Ukuta wa FundiKatuba uko wapi, 50? Hapo petroli haivunjiki hata akiiacha ipite mwezi mzima.

Lakini kwa injini ya kweli hiyo ni hatari kubwa, na kuna ingine iko pamoja nayo: sulfa. RP-1, keroseni ya roketi za Marekani, inaruhusiwa sulfa mpaka miligramu 30 kwa kilo. Ukuta wa shaba ukikutana na sulfa kwa moto inatengeneza sulfidi ya shaba, mifereji inachakaa ndani na kujaa. Ndiyo maana wakatengeneza RP-2, kikomo chake cha sulfa ni 0.1 tu. Petroli ya soko yetu sulfa yake ni ya juu kuliko hizo zote, kwa hiyo siku ukipanda mpaka joto la kweli usitumie hiyo.

Na neno moja la usalama: mvuke wa petroli ya taa unaweza kushika moto kuanzia digrii 38 hivi, na wewe uko na kuran na ukuta wa 50. Fungua madirisha, weka mchanga karibu, cheche ya posti ikae mbali na ndoo. Hili nalisema kwa uzito.

#7 Yaya_Kampemba (Lubumbashi)
Mudogo wangu FundiKatuba, hiyo milimeta 4 ulipima ao uliambiwa dukani? Uliza hivyo kwanza. Kwa mtiririko ule ule wa gramu 100, h inafwata kipenyo kwa nguvu ya kutoa 1.8, yaani kipenyo kikipanda h inashuka haraka. Tiyo ikiwa 4.1 pahali pa 4.0, fomula inashuka 4.5%. Piyakulisi (chombo cha midomo cha kupimia upana) haitakusaidia, midomo yake inapima paka kwenye ncha, na ncha ilikatwa na msumeno iko na meno. Fanya hivi: kata kipande cha nusu meta cha tiyo ile ile, ziba chini, pima kikavu, jaza maji, pima tena. Kama ni 4.0 kamili maji yatakuwa gramu 6.28. Kama ni 4.1 yatakuwa 6.60. Tafuta mizani ya wanunuzi wa dhahabu, ile inasoma sehemu ya mia ya gramu, jikoni haitatosha.

#8 Papa_Kamalondo (Lubumbashi)
Watoto mumenifurahisha. Musisahau hii inchi yetu iliisha kurusha roketi, na ilikuwa hapa Shaba, ile Katanga ya wakati ule. Kampuni ya OTRAG ya Wajerumani, wakati wa Mobutu, 1977 na 1978, upande wa kaskazini kule Manono, juu ya bonde la Luvua. Walikuwa wanatumia mafuta ya kawaida kama haya yenu, na injini zao zilipozwa na hayo mafuta. Basi namba zao zingewasaidia.

#9 MamaTermo
Papa heshima yako, roketi ni kweli, mafuta ya kawaida pia ni kweli, ila injini za OTRAG hazikupozwa na mafuta. Chumba chao kilikuwa na ukuta wa ndani unaoliwa na moto pole pole, tabaka baada ya tabaka, na ukiliwa unabeba joto unaenda nalo. Walichagua hivyo kusudi injini iwe rahisi, bila mifereji wala pampu, kwa sababu Kayser, mwenye kuanzisha OTRAG, alitaka kufunga injini nyingi ndogo za namna moja pamoja. Kwa hiyo hili swali la h ya mafuta waliliruka kabisa. Swali lao lilikuwa ukuta unaisha milimeta ngapi kwa sekunde.

#10 Papa_Kamalondo
Asante binti yangu, sikujua hiyo ya ukuta. Ile roketi ya mwezi wa 6 1978 ilianguka Mobutu mwenyewe akiwa anaangalia, na mwaka uliofwata wakafunga yote.

#11 Prof_Kadutu (Bukavu)
Nimesoma kutoka juu. Muko munahesabu vizuri ila hamujaunganisha. Chukueni shaka zote: joto 15% (#3), kipenyo 4.5% (#7), mtiririko kama ndoo na saa zina shaka ya 5% basi 4% kwa h kwa sababu ya ile nguvu ya 0.8, unato wa petroli (uzito wake wa kutiririka) tusioujua tuseme 20%, unaingia kwa nguvu ya kutoa 0.4 kwa hiyo 7%. Hatujumlishi tu hivi hivi. Njia ya Kline na McClintock ya 1953, ambayo mpaka leo njo tunafundisha, ni kuinua kila moja kwa mraba, kujumlisha, halafu kutafuta kipeo cha pili. Inatoka karibu 18%.

Halafu fomula yenyewe. Dittus-Boelter ni ya mwaka 1930, imetoka kwa vipimo vya radiata za magari, na watu wote wa joto wanajua inaweza kukosea 20 mpaka 25%. Unganisha 18 na 20 kwa njia ile ile unapata 27%. Pengo lako ni 23%. Maana yake FundiKatuba hujapata tofauti yoyote. Vipimo vyako na fomula vinapatana ndani ya shaka yao. Hakuna mwongo hapa.

#12 Mwana_Ruashi
Prof amefunga uzi 🙌

#13 Yaya_Kampemba
Haijafungwa. Prof, na heshima yote, soma tena #1. Anapata 5,300, 5,400, 5,500. Hajawahi kupata 7,500 hata mara moja. Kama shaka ya 18% ingekuwa ya kurushwa rushwa huku na huku, angeona namba juu na chini. Yeye anaona namba zimekaa pamoja, zote chini. Hicho ni kitu kimoja ao viwili vinavyosukuma upande mmoja kila siku, na kurudia mara mia haitakiondoa. Ukikiweka ndani ya kipeo chako unakificha, hukukipata.

Kwa hiyo mbele ya kuuliza ni kikubwa namna gani tuulize kinasukuma wapi. h ni nguvu gawanya tofauti ya joto. Joto linalopotelea kwa hewa: unafikiri nguvu yote imeingia petroli na si kweli, h inatoka JUU kuliko ukweli. Waya wa termokupo unaovuta joto kutoka ukuta: unasoma ukuta baridi, tofauti inapungua, h inatoka JUU. Ukipima volti kwenye vibanio vya posti badala ya juu ya tiyo yenyewe: nguvu inazidi, h JUU. Mwanzo wa tiyo ambapo mtiririko haujatulia: h ya kweli inakuwa juu. Ukuta wenye kwaruza: juu. Zote hizi zinaenda juu na yeye yuko CHINI. Ukiziondoa zote pengo lake litakuwa kubwa zaidi ya 23.

#14 Prof_Kadutu
Yaya_Kampemba hoja yako ya upande naikubali kwa nguvu zote, na ni kweli makosa ya aina hiyo hayaoneki kwa kurudia. Ila nabaki na yangu: shaka ya fomula nayo ni ya upande mmoja kwa kila tiyo na kila mafuta. Fomula inaweza kuwa juu 20% kwa petroli yake siku zote. Hiyo haitambuliwi kwa kutazama meza yake tu.

#15 Mkemia_Ibanda
Jaribuni basi fomula ya Gnielinski ya 1976, hiyo kawaida inakosea kama 10% tu.

#16 MamaTermo
Nimeijaribu na namba za #1. Re ni karibu 21,000, Pr karibu 26, Gnielinski inatoa h ya 7,300 na kitu. Pengo limeongezeka! Kwa hiyo ile ya Prof ya kusema labda Dittus-Boelter ndiyo iko juu, inapata shida kidogo.

#17 Sudere_wa_Birere (Goma)
Miye si mtu wa fomula, miye ninasude. Naomba kuuliza kitu: hiyo posti yenu ni ya transfo ya zamani ao ni hizi ndogo za kisasa zinazotoa kuran ya upande mmoja? Na zile nyuzi mbili za termokupo mulizisude pamoja kwa nukta moja kabla ya kuziweka juu ya tiyo, ao kila uzi mulisude peke yake juu ya chuma?

#18 FundiKatuba
Ni ya kisasa, upande mmoja. Na kila uzi ulisudewa peke yake, moja kando ya mwenzake, karibu kabisa.

#19 Sudere_wa_Birere
Njo hapo. Karibu kabisa ni ngapi? Kwa sababu kuran iko inapita mu ile tiyo.

#20 MamaTermo
SUDERE!! Umeona kitu ambacho sisi wote wenye diploma hatukuona. Wacha nihesabu watu waone. Wati 940 kwa ampere 200 ni volti 4.7. Zimetandikwa juu ya milimeta 500. Kila milimeta moja ya tiyo iko na milivolti 9.4 kutoka mwanzo mpaka mwisho wake. Termokupo ya K inatoa milivolti 0.041 kwa kila digrii. Sasa kama uzi mmoja umetangulia mwenzake kwa sehemu ya kumi ya milimeta, upana wa nywele mbili hivi, ile kuran inaingiza milivolti 0.94 mu kipimo. Hiyo ni digrii 23 za uongo! Sisi tunatafuta 21!

Na inaweza kuwa juu ao chini, inategemea ni uzi gani umetangulia.

#21 Mwana_Ruashi
Digrii 23 kwa nywele mbili?? Nimekaa chini.

#22 Yaya_Kampemba
Hii ni nzuri sana, na dawa yake si ngumu. FundiKatuba geuza nguzo za posti, ile ya kujumlisha iende ku mwisho mwingine. Joto halijui kuran inatoka wapi, litabaki lile lile. Lakini ule uongo utageuka upande. Soma mara mbili, chukua katikati, na nusu ya tofauti yao ndiyo ukubwa wa uongo wa termokupo ile.

#23 Mkemia_Ibanda
Ao tu apitishe petroli bila kuran kabisa, termokupo zote zinapaswa kusoma namba moja. Ile inayotofautiana anaandika anaitoa. Na azilinganishe kwa barafu na maji ya kuchemka, 0 na 100.

#24 MamaTermo
Jaribio la bila kuran ni zuri kwa termokupo zenyewe lakini hili la Sudere halitaliona, kwa sababu bila kuran hakuna zile milivolti. Lazima ageuze nguzo.

Na 100 usimwambie hivyo. Lubumbashi iko meta 1,200 juu ya bahari na kitu, maji pale yanachemka kwa 96. Sisi Goma na nyinyi Bukavu ni kama 95. Akiandika 100 mahali pa 96 amenyosha kipimo chake chote kwa 4%, na h yake inashuka kama 5% bure. Na hiyo inashusha CHINI, upande ule ule tunaoutafuta!

#25 FundiKatuba
Tulilinganisha kwa barafu na 96, mwalimu mmoja alituambia. Hiyo haiko. Ya nguzo tutafanya, aksanti sana Sudere.

#26 KivuGaz
Swali la pembeni. Mbona tiyo ya inoksi? Injini za kweli si ni za shaba? Na muko Lubumbashi jamani, mukuba (shaba) iko chini ya vitanda vyenu.

#27 Yaya_Kampemba
Kwa kupasha na kuran mukuba haifai, inapitisha umeme vizuri mno. Upinzani wake uko chini ya ule wa inoksi zaidi ya mara 40, ungehitaji ampere 1,300 kupata moto ule ule, posti gani ya Katuba itatoa? Lakini injini ndiyo, ni mukuba, na sababu ni hii. Tuseme ukuta wa milimeta 1 unapokea megawati 30 kwa meta ya mraba. Kwa shaba joto linashuka kama digrii 86 kutoka upande wa moto mpaka wa mafuta. Kwa inoksi lingepaswa kushuka digrii 1,500, yaani upande wa moto umeyeyuka kabla. Injini ya Space Shuttle, chombo cha anga cha Marekani, pale shingoni (mahali chumba kinabana) ilikuwa kama megawati 160, mara elfu ya meza ya FundiKatuba, na chumba chake kilikuwa aloi ya shaba yenye fedha na zirkoni, imechongwa mifereji 390, haidrojeni inapita ndani.

#28 Mkemia_Ibanda
Siku hizi NASA wanachapa aloi ya GRCop, shaba na kromi na niobi. Sasa waza: shaba ya Katanga, na niobi iko pale Lueshe, Rutshuru. Vitu viwili kati ya vitatu vya ukuta wa injini ya roketi viko mu inchi yetu. Hili linaniuma na linanifurahisha kwa wakati mmoja.

#29 KivuGaz
Na mafuta pia! Ziwa Kivu iko na methani, kilometa za ujazo karibu 60 zimeyeyuka ndani ya maji ya chini. Injini za roketi za Raptor na BE-4 zinachoma methani. Methani haileti makaa kama petroli.

#30 Mkemia_Ibanda
Sawa, ila gesi ya ziwa inatoka na kabonidayoksaidi nyingi kuliko methani, na kidogo ya ile gesi ya sulfa yenye harufu ya yai bovu. Rudi #6, sulfa na shaba. Lazima uisafishe sana. Na methani ya baridi ina tabu yake ya kipimo: karibu na shinikizo la baa 46 na joto la digrii 83 chini ya sifuri, uzito wake na uwezo wake wa kubeba joto vinabadilika ghafla kwa digrii chache tu. Hapo ukikosea joto kidogo unakuwa umekosea tabia yote ya mafuta, na fomula ya 0.023 haina habari. Shaka ya pale ni kubwa kuliko hii yote tunayoongea.

#31 Mwana_Ruashi
Ninauliza bila aibu: 20% ni nyingi kweli? Fundi akijenga nyumba na akakosea 20% ya sementi nyumba inasimama.

#32 MamaTermo
Swali zuri mdogo wangu. Chukua ile megawati 30 ya Yaya. Petroli mu mifereji iko 120, na unataka ukuta usipite 300 kwa sababu ya makaa. Nafasi yako ni digrii 180. Ukapiga hesabu na h ya fomula ikakutosha sawa sawa. Sasa h ya kweli ikawa chini 20%. Moto wa ndani ya chumba uko zaidi ya 3,000, hautapunguza kusukuma kwa sababu ukuta wako umepanda kidogo, kwa hiyo joto ni lile lile na tofauti lazima ipande mpaka 225. Ukuta uko 345. Makaa yanaanza kuganda, makaa yanazuia joto, ukuta unapanda tena, makaa zaidi. Sekunde chache pale shingoni kuna tundu.

Na tumeongea upande wa mafuta tu. Upande wa moto wanatumia fomula ya Bartz ya 1957, nayo shaka yake si ndogo.

#33 Papa_Kamalondo
Sasa wale wenye kurusha wanalala namna gani?

#34 Yaya_Kampemba
Papa, wanaacha nafasi, na wanapima aina ile ile ya mafuta mu tiyo ya kupashwa na kuran kabla ya kuchonga injini. NASA wako na meza hiyo ku kituo chao cha Glenn, jeshi la anga la Marekani wako na ingine ku kambi ya Edwards. Meza ya FundiKatuba ni mtoto wa hizo, kanuni ni ile ile. Tena injini nyingi zinapuliza mafuta kidogo pembeni ya chumba yatengeneze pazia mbele ya ukuta. Roketi ya V-2 ya Wajerumani ilifanya hivyo na pombe iliyochanganywa na maji.

#35 Prof_Kadutu
FundiKatuba, kwa kutenganisha meza na mafuta: pitisha maji. Tabia za maji zinajulikana kabisa. Maji yakipatana na fomula basi petroli ndiyo mkosaji.

#36 Yaya_Kampemba
Prof njia ni nzuri lakini si kwa gramu 100. Maji yanabeba joto vizuri sana, h itaruka mpaka 31,000 na tofauti ya ukuta na maji itakuwa chini ya digrii 5. Shaka ya 3.1 juu ya 4.7, tumerudi kwa lori na kuku. Na ndani ya ukuta wenyewe joto linashuka 4.6, kitu unachokitoa ni sawa na kitu unachokitafuta. Apunguze maji mpaka gramu 30 kwa sekunde. Re itabaki kama 10,700, bado juu ya 10,000 ambapo fomula inakubali, na tofauti itapanda mpaka 12.

#37 Prof_Kadutu
Naam, gramu 30. Uko sahihi.

#38 FundiKatuba
Nimerudi na habari. Tumegeuza nguzo. Termokupo ya katikati ilikuwa inasoma 58, imesoma 49. Sudere ulikuwa na haki kabisa, uongo wa digrii 4 na nusu. Lakini ya kwanza na ya mwisho hazikutembea hata digrii moja, na hizo nazo bado zinatoa h ya chini.

Tiyo: tumeenda kwa mnunuzi mmoja wa dhahabu, akakubali. Gramu 6.60. Yaya, ni 4.1.

#39 Mwana_Ruashi
Basi 4.5% imepatikana, bado 18 na kitu!

#40 MamaTermo
Pole pole. Kipenyo kikipanda, fomula inashuka 4.5% mpaka kama 6,700, ndiyo. Lakini eneo la ndani nalo limepanda 2.5%, kwa hiyo zile wati 940 zimetawanyika zaidi na h uliyoipima nayo inashuka, 5,400 inakuwa 5,270 hivi. Pengo limejifunga kwa 2% tu. Na ukuta umekuwa mwembamba pia, uhesabu upya ile 4.6 ya ndani ya ukuta.

#41 Mkemia_Ibanda
Basi narudi kwa petroli yenyewe. Muliweka unato gani mu hesabu?

#42 FundiKatuba
1.5 ya kitabu, kwa digrii 25.

#43 Mkemia_Ibanda
Kitabu cha keroseni safi. Petroli ya soko wakati mwingine imechanganywa na mazutu (dizeli). Ikiwa unato wake ni 2.0, h ya kweli inashuka 11%, upande wa chini, bila termokupo yoyote kukosea. Nusu ya pengo lako iko mu ndoo.

#44 Prof_Kadutu
Hiyo inawezekana, na nusu ingine ni fomula, kama nilivyosema #11.

#45 Yaya_Kampemba
Ao nusu ingine ni mtiririko. Ndoo na saa: nani anaanzisha saa, na petroli inayobaki imeshika ukuta wa ndoo munaipima ao munaiacha? Kama ni gramu 90 mahali pa 100, fomula inashuka 8%. Pimeni ndoo kwa mizani kabla na nyuma, musisome mistari ya plastiki.

#46 Sudere_wa_Birere
Na zile termokupo mbili ambazo hazikutembea, mulizisude siku moja na ile ya katikati, mtu yule yule? Nitumieni picha ya karibu ya zote tatu, na muweke kitu pembeni nione ukubwa.

#47 FundiKatuba
Watu wawili tofauti. Picha nitaweka kesho kuran ikirudi, na petroli tutaleta ya sehemu mbili, moja ya hapa Katuba na moja ya Kenya (ile komini ya hapa Lubumbashi), tuangalie kama h zinafanana.